Kangaga lipi liingie sufuriani? Ulinganisho wa makangaga matano ya mwituni yanayoliwa

Mtu anayeanza kuchuma makangaga ya mwituni huuliza kwanza: lipi tamu? Nami nilianza na swali hilo hilo. Baada ya misimu kadhaa ya kupiga magoti kwenye udongo mbichi na kusimama mbele ya sufuria inayotokota, sasa natanguliza maswali mawili. Lipi unaweza kulitambua bila kubahatisha? Na lipi utakuwa tayari kulihangaikia jikoni mpaka lifae kuliwa? Utamu unafuata nyuma yao, tena kwa mbali.

Kinacholiwa kwa kawaida ni jani changa kabla halijakunjuka, likiwa limejiviringa kuanzia nchani kuelekea ndani kama nyumba ya konokono. Muda wa kulichuma ni mfupi, siku chache tu kwa kila shina. Likishanyooka na kuanza kutandaza vijani vyake, linakuwa gumu na chungu, na liachwe.

Kiswahili huyaita yote kangaga, na jina moja kwa spishi zaidi ya 10,000 ni mtego kwa mchumaji. Kwa hiyo nimeyapa haya matano majina ya kuyatofautisha, na kila moja nimelitajia jina lake la Kilatini, maana hilo ndilo utakalolikuta kwenye kitabu chochote cha mimea popote ulipo.

La kwanza nitaliita kangaga-mbuni, Matteuccia struthiopteris, kwa sababu majani yake yaliyokomaa yanafanana na manyoya marefu ya mbuni. Linaota sehemu za baridi za Amerika ya Kaskazini, Ulaya na Asia, na Wajapani huliita kogomi. La pili ni kangaga-tai, Pteridium aquilinum na jamaa zake wa karibu. Neno aquilinum linatokana na jina la tai kwa Kilatini. Hili liko katika kila bara isipokuwa Antaktika. Japani ni warabi, Korea ni gosari. La tatu ni kangaga-mboga, Diplazium esculentum, la Asia ya kusini na kusini-mashariki: paku kwa Wamalay, pako kwa Wafilipino, dhekia huko Assam, India. La nne, Stenochlaena palustris, nitaliacha na jina lake la Sarawak, jimbo la Malaysia: midin. La tano ni zenmai wa Japani, Osmunda japonica, ambaye Korea anaitwa gobi.

Kabla ya kuyashindanisha, kuna sharti moja linaloyabana yote: hakuna hata moja ninaloshauri liliwe bichi.

Sababu ya sharti hilo inaonekana vizuri katika kisa cha kangaga la sita ambalo sitalishindanisha hapa. Mwaka 1861 wasafiri Robert O'Hara Burke na William John Wills walikwama Cooper Creek, ndani kabisa ya Australia, chakula kikiwa kimewaishia. Waliwaona Wayandruwandha, wenyeji wa pale, wakila nardoo, Marsilea drummondii, kangaga dogo la majimaji lenye vijani vinne juu ya kikonyo kimoja. Vifuko vyake vya spora husagwa vikawa unga. Burke na Wills wakaiga. Wakala, wakashiba, na Wills akaandika katika shajara yake jinsi alivyozidi kudhoofika ingawa hamu ya kula ilikuwepo na chakula kilikuwepo. Wote wawili walikufa mwaka huo huo. Mwenzao John King alipokewa na Wayandruwandha, akalishwa nao, akaokoka. Mwaka 1994 watafiti walieleza jambo linaloelekea ndilo lililotokea: nardoo imejaa thiaminasi, kimeng'enya kinachovunjavunja vitamini B1 mwilini, na wageni wale waliiga chakula bila kuiga utayarishaji wake wote. Wenyeji walikuwa na namna yao ya kuisaga kwa maji na kuiandaa, nayo ndiyo iliyoufanya unga ule uwe chakula.

Thiaminasi imo katika makangaga mengi, yakiwemo baadhi ya haya matano. Moto wa kutosha huiharibu. Ila moto haumalizi kila kitu, na hapo ndipo makangaga yanapoanza kuachana.

Kangaga-mbuni na kangaga-tai

Haya mawili nayaweka pamoja kwa kuwa mara nyingi yanapatikana nchi moja, msimu mmoja, na mchumaji mgeni huyachanganya kwa jina tu: "vile vichipukizi vilivyojikunja." Kwa macho, ukishafundishwa, hayachanganyiki kabisa.

Kangaga-mbuni hupenda kingo za mito na mabonde yanayofurika maji masika yakifika, yaani majira ya kuchipua baada ya baridi. Machipukizi yake hutoka pamoja, mengi kwa duara, kwenye kisiki kimoja kifupi kama taji. Chuma moja uliweke kiganjani. Rangi yake ni kijani kilichoiva, limefunikwa na magamba ya kahawia, membamba kama karatasi, ambayo yanatoka ukiyapangusa kwa kidole. Chini ya magamba hayo ngozi ni laini, haina manyoya. Sasa geuza kikonyo utazame upande wa ndani, ule unaotazamana na mviringo wa chipukizi. Pitisha ukucha wa kidole gumba juu kwenda chini. Ukucha unazama kwenye mfereji wa kina, wenye umbo la herufi U, unaoteremka kikonyo chote. Alama hizi tatu, yaani magamba ya karatasi, ngozi isiyo na manyoya na mfereji wa U, zinatakiwa ziwepo zote kwa pamoja. Mbili hazitoshi. Nimewahi kutupa kapu zima kwa sababu nilichuma jioni giza likiingia, nikafika nyumbani nikakuta robo yake haina mfereji. Sikuwa na uhakika tena na yaliyobaki, yakaenda yote.

Kuna alama ya nne inayonifurahisha kila mwaka. Kangaga-mbuni lina majani ya aina mbili: yale mabichi makubwa, na mengine mafupi, magumu, ya kahawia, yanayobeba spora. Haya ya kahawia hubaki yamesimama wima majira ya baridi yote. Ukienda kabla ya machipukizi kutoka, utayaona yamekauka katikati ya taji, na utajua mapema wapi pa kurudi.

Kangaga-tai lina tabia tofauti kabisa. Halina taji. Kila chipukizi linachomoza peke yake kutoka kwenye shina linalotambaa chini ya ardhi, hatua moja au mbili mbali na jenzake, na eneo zima linaweza kuwa la mmea mmoja. Linapenda jua: mashamba yaliyoachwa, vilima vilivyoungua moto, kingo za msitu zenye udongo wenye tindikali. Chipukizi ni refu, jembamba, lina vinyweleo laini vya rangi ya fedha au kahawia, na kichwa chake hakifanyi mviringo mmoja mzuri. Hugawanyika mapema sehemu tatu, kama kucha za ndege zilizokunjwa. Likikomaa, jani lake ni pembetatu pana ambayo inaweza kumzidi mtu mzima kimo.

Kwa kutambua, basi, yote mawili ni rahisi. Tofauti kubwa iko ndani.

Kangaga-tai lina sumu inayoitwa takwilosidi. Sumu hii ilitambuliwa rasmi mwaka 1983, lakini wafugaji walikuwa wameona madhara yake muda mrefu kabla: ng'ombe wanaolishwa kangaga-tai wanavuja damu, uboho wao unaharibika, wanakojoa damu, wanaota uvimbe wa saratani kwenye kibofu. Takwilosidi hupita hadi kwenye maziwa. Farasi wanadhurika kwa njia nyingine, kwa ile thiaminasi, na hupepesuka kama walevi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka kangaga-tai katika kundi 2B, yaani vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu.

Hata hivyo watu wamelila kwa karne nyingi, wala si watu wasiojua wanachofanya. Korea gosari iko kwenye mlo wa kila siku. Nchini Japani warabi humwagiwa maji ya moto yaliyotiwa majivu au soda ya bikaboneti, yakaachwa usiku kucha, yakaoshwa, yakalowekwa tena. Wamaori wa New Zealand walichimba mizizi minene ya jamaa yake, Pteridium esculentum, wakaichoma na kuiponda ili kupata wanga, waliiita aruhe. Mbinu ya majivu ina msingi: takwilosidi haistahimili maji yenye magadi wala joto, inavunjika na nyingine inaondoka na maji yanayomwagwa. Inapungua sana. Haiishi yote.

Kangaga-mbuni halina historia hiyo ya saratani. Lina kasoro yake, nayo ni ndogo zaidi lakini imewaumiza watu wengi kwa sababu hudharauliwa. Masika ya mwaka 1994 wateja wa migahawa katika jimbo la New York na magharibi mwa Kanada waliugua baada ya kula machipukizi ya kangaga-mbuni: kichefuchefu, kutapika, kuharisha. Wachunguzi walipofuatilia, walikuta machipukizi yaliyoleta balaa yalikuwa yamekaangwa dakika chache tu, yakiwa bado yanavunjika kwa mlio mezani. Mgahawa mwingine uliokuwa ukiyachemsha dakika 10 kabla ya kuyakaanga haukuwa na mgonjwa. Sumu yenyewe haijatambuliwa mpaka leo. Kinachojulikana ni kwamba maji yanayochemka kwa muda wa kutosha huiondoa.

Ndiyo maana utayarishaji wa kangaga-mbuni nauita mfupi lakini hauna mjadala. Pangusa magamba yakiwa makavu, kwani yakilowa yananata. Osha maji mawili, matatu, hadi maji yasibaki na vumbi la kahawia. Kata ncha ya kikonyo iliyogeuka nyeusi. Tia kwenye maji mengi yanayochemka, yenye chumvi kidogo, kwa dakika 15. Au yapike kwa mvuke dakika 10 hadi 12. Maji hugeuka rangi ya chai kavu. Yamwage yote, usiyafanyie supu wala mchuzi. Baada ya hapo ndipo uyakaange kwa siagi, vitunguu saumu, limau, upendavyo. Ladha iko kati ya maharage mabichi na asparaga, na hapa ndipo wapishi wanapokosea, kwa kuogopa kupoteza ule mkwaruzo wa mboga mbichi. Upotezeni. Chipukizi lililochemka vizuri bado lina mwili.

Kwa lishe, kangaga-mbuni linastahili sifa. Gramu 100 mbichi zina kalori 34 hivi, protini karibu gramu 4.5 na vitamini C karibu miligramu 27, ingawa sehemu ya hiyo vitamini C itaondoka na maji ya kuchemshia. Lina pia asidi ya EPA, mafuta ya omega-3 ambayo tumezoea kuyapata kwa samaki na ambayo ni nadra mno kwa mimea ya nchi kavu.

Hukumu yangu kati ya haya mawili haina kigugumizi. Kangaga-mbuni lichumwe. Kangaga-tai nimelila mezani kwa watu wanaojua kulitayarisha, kidogo, na nililipenda. Ladha yake ya udongo na uteute wake wa mbali si kitu cha kudharau. Nyumbani kwangu silipiki. Na kwa mtoto au mama mjamzito silipendekezi hata kijiko kimoja, vyovyote litakavyokuwa limelowekwa.

Kangaga-mboga na midin

Tukitoka kwenye baridi tukaingia kwenye joto na mvua, ushindani unabadilika. Hapa mchumaji hasubiri wiki mbili za masika. Yanachipua karibu mwaka mzima, na mwenye kijito karibu anaweza kurudi kila baada ya siku chache.

Kangaga-mboga ndilo linaloliwa kuliko yote katika ukanda wake, na jina esculentum lenyewe maana yake ni "liliwalo". Huota kwenye kingo za vijito, mitaro na mabwawa, mahali penye kivuli cha wastani na udongo usiokauka. Machipukizi yanatoka kwenye kisiki kifupi, ambacho kwa mmea wa zamani husimama kama kigogo kidogo. Chini ya kikonyo kuna magamba meusi-kahawia yenye kingo za meno madogo; kadiri unavyopanda juu, kikonyo kinakuwa laini na kijani. Jani likikomaa linagawanyika mara mbili, na ukilipindua utaona mistari ya spora imepangwa kufuata mishipa, kama miiba ya samaki. Pindua jani la mmea mkubwa ulio kando ya chipukizi kabla ya kuchuma chipukizi lenyewe. Chipukizi halina kitambulisho kamili. Mzazi wake anacho.

Pa kukata huonyeshwa na mmea wenyewe. Shika chipukizi, telezesha vidole kutoka chini kwenda juu huku ukikikunja kikonyo polepole. Sehemu ya chini inapinda tu. Ukifika mahali pazuri inakatika yenyewe kwa mlio, "ta!", na mkatiko unatoa ute mwepesi. Kilicho juu ya hapo ni chakula. Kilicho chini ni nyuzi.

Midin ni jambo lingine. Huyu hutambaa na kupanda. Shina lake refu hupita juu ya udongo wa mboji na kukwea miti, na majani yake ni ya kugawanyika mara moja tu, yenye vijani virefu vinavyong'aa kama vilivyopakwa mafuta. Machipukizi yake ni ya rangi nyekundu-kahawia, na rangi hiyo ndiyo inayomtambulisha kwa mbali kabla hata hujainama. Kalimantan, upande wa Indonesia, wanamwita kelakai.

Kwa kuyalinganisha mezani: kangaga-mboga lina ute, linalainika, linachukua nazi na viungo vizuri, na likipikwa kupita kiasi linakuwa uji. Midin anabaki na ukakamavu wake hata kwenye moto mkali, na ndiyo maana Sarawak humkaanga haraka kwa vitunguu saumu au kwa belacan, ule uduvi uliosagwa na kuchachushwa. Anayependa mboga yenye kutafunika, amchague midin. Anayetaka mchuzi mzito, kangaga-mboga.

Kuhusu usalama nitasema wazi. Kuna watu wanaochovya kangaga-mboga kwenye maji ya moto kwa muda mfupi na kuligeuza saladi, na wengine hulila karibu bichi. Mimi silifanyi hivyo. Lina thiaminasi, na huota majini, mahali ambapo minyoo na vijidudu vya maji machafu hushika kwenye mikunjo ya chipukizi. Lichemshe hadi lilainike, mwaga maji, kisha endelea na mapishi yako. Midin naye namchovya kwenye maji yanayochemka kwanza, ndipo aende kwenye kikaango. Anavumilia.

Zenmai, kwa mwenye subira

Zenmai sitamkalia muda mrefu, kwa sababu utambuzi wake ni mwepesi na kazi yake ni nzito. Chipukizi lake limevikwa pamba ya kahawia-nyeupe, nene, kama uzi uliochambuliwa, na pamba hiyo hutoka yote ukiivuta. Mmea mmoja hutoa machipukizi ya aina mbili: yanayobeba spora, ambayo Wajapani huyaita ya kiume na huyaacha, na yasiyobeba, ambayo ndiyo yanayochumwa. Kuacha yale ya kwanza ni desturi yenye busara, maana spora zake ndizo zenmai wa miaka ijayo.

Baada ya hapo inaanza safari. Anachemshwa, anaanikwa juani, na anapokauka anasuguliwa na kuviringwa kwa viganja mara kwa mara kwa siku mbili tatu ili nyuzi zilegee. Mwishoni unabaki na vitu vyeusi vilivyonyong'onyea, vyepesi kama majani ya chai, vinavyokaa mwaka mzima bila kuharibika. Siku ya kupika unaviloweka, unavichemsha, unaviacha vipoe kwenye maji yake, unamwaga. Ukiwa na mavuno mengi na huna jokofu, hakuna kangaga linalokufaa kumzidi. Ukitaka chakula cha jioni hii, muache.

Yanayofanana nayo na yasiyolika

Kangaga halichanui maua. Sentensi hii fupi imeokoa watu. Mimea kadhaa ya jamii ya karoti ina majani yaliyokatikakatika kama ya kangaga, na mmojawao ni Conium maculatum, mmea wa sumu ambao kwa jinsi inavyosimuliwa ndio alionyweshwa mwanafalsafa Sokrates hadi akafa. Jani changa la mmea huo halijiviringi kutoka nchani. Kikonyo chake ni cheupe kwa ndani, kitupu, mara nyingi kina madoa ya zambarau, na kina harufu mbaya ukikiponda. Chochote kisichojiviringa, usikichume ukakiita kangaga.

Kujiviringa nako si ushahidi kamili. Sikadi, ile mimea ya kale inayofanana na mnazi mfupi, baadhi yake huwa na vijani vichanga vilivyojikunja pia, na ina sumu kali ya ini. Tofauti: sikadi ina shina gumu la mti, jani lake ni kakamavu linalochoma, na kinachojikunja zaidi ni vijani vya pembeni, huku uti wa jani ukitoka umenyooka.

Halafu kuna makangaga halisi yasiyofaa. Dryopteris filix-mas hutoka kwa taji kama kangaga-mbuni, na kwa mbali linadanganya. Ukilishika, magamba yake ni mengi, mazito, yamegandamana, hayapanguswi kirahisi, na mfereji wa U haupo. Zamani lilitumiwa kutoa tegu tumboni, na dozi iliyozidi iliweza kumpofusha mgonjwa. Athyrium filix-femina nalo lina magamba meusi na mfereji usio na kina. Wapo wanaolila, lakini mimi naliweka upande wa kuachwa, kwa sababu anayelizoea hilo atakuja kuzoea kupuuza mfereji.

Udongo ulipoota

Makangaga hunyonya kilichomo ardhini kwa bidii ya kutisha. Mwaka 2001 wanasayansi walitangaza kwamba Pteris vittata, lililokuwa likiota Florida kwenye kiwanja kilichochafuliwa na dawa za kuhifadhia mbao, lilikuwa linakusanya aseniki kwenye majani yake kwa wingi wa ajabu na bado linastawi. Hilo si kati ya matano yetu. Ila tangu nijue hivyo, sichumi kangaga lolote chini ya daraja la reli, kando ya barabara kubwa, karibu na karakana au kwenye mtaro unaopokea maji ya mji. Midin anataka uangalifu zaidi, kwa sababu anapenda mashamba ya michikichi, na mashamba hayo hupigwa dawa ya kuua magugu. Uliza kwanza ni lini yalipigwa dawa mara ya mwisho. Usipopata jibu, ondoka.

Na ukipata mahali safi, pahurumie. Kangaga-mbuni hutumia akiba iliyo kwenye taji kutengeneza machipukizi yale. Ukiyatoa yote, mwaka ujao yatakuja membamba, na ukirudia, hayatakuja. Kwenye kila taji nachukua yasiyozidi nusu, na taji lenye machipukizi matatu nalipita. Mengine yatakayotoka baadaye siyagusi tena msimu huo. Kangaga-mboga na midin hustahimili kuchumwa mara nyingi, ila shina lisiachwe bila jani hata moja lililokunjuka.

Basi uchague lipi

Kama uko kwenye nchi za baridi na ni mara yako ya kwanza, chagua kangaga-mbuni na usiangalie jingine kwa msimu mzima. Nenda na mtu aliyelichuma kabla yako. Rudi mwezi unaofuata ulione jani lake likiwa kubwa, rudi tena majani yakianguka ulione la kahawia limesimama. Ukishaliona kwa nyuso hizo tatu, hutalikosea tena.

Kama uko kwenye nchi za joto zenye mvua ndani ya ukanda wake, anza na kangaga-mboga ikiwa maji ya hapo ni safi. Ikiwa huna uhakika na maji lakini una ardhi ya mboji isiyopigwa dawa, midin ni chaguo bora. Zenmai amfuate yule anayependa kuhifadhi chakula na ana jua la kuanikia.

Kangaga-tai liko kila mahali, ni la bure, linajitokeza lenyewe hata kwa asiyelitafuta, na ndilo pekee ambalo ningemshauri anayeanza aliache. Ukitaka kulionja, liwe limetoka mikononi mwa mpishi aliyerithi utayarishaji wake, na liwe la mara moja moja.

Siku ya kwanza kulipika ulilochagua, lisiwe mlo wa familia nzima. Pika kiganja kimoja, kwa dakika zilizosemwa, saa ikiwa mezani mbele yako. Kula machipukizi manne au matano pamoja na chakula ulichokizoea. Weka kando chipukizi moja bichi, lisilooshwa, kwenye karatasi, na uandike tarehe na mahali ulipolichuma. Ukiugua, daktari atataka kuliona. Kisha subiri hadi kesho yake mchana. Tumbo likikaa kimya, chukua kapu urudi mtoni kabla hayajakunjuka.